Msimcheke DJ, Mhakikini

Nianze na swali ambalo halitawafurahisha wengi wenu. Katika miaka hii ishirini na ushee, nani amewafikishia Watanzania hadithi za Korea, China na India kwa Kiswahili? Vyuo vikuu? Hapana. Wachapishaji? Nitajieni riwaya tatu za Kikorea zilizo kwenye maduka ya vitabu kwa Kiswahili, nami nitazinunua leo hii. Wahakiki wa mtandaoni wanaoandika makala ndefu kama hii? Tusidanganyane. Ni DJ wa muvi. Yule jamaa mwenye maikrofoni anayepunguza sauti ya filamu, akavaa sauti ya mfalme, ya malkia, ya mlevi na ya mtoto, zote kwa koo moja, akatusimulia kinachoendelea.

Na malipo yake kutoka kwa watu wa vitabu ni kicheko.

Siku hizi mtu akitaka ajulikane kuwa anaelewa filamu, jambo la kwanza anasema hawezi kuangalia muvi ya DJ. Eti inaharibu. Yeye anaangalia yenye maandishi ya Kiingereza chini ya kioo, kisha anatuandikia uhakiki wa filamu ya Kikorea aliyoisoma kwa Kiingereza. Kikorea hajui hata salamu. Hajui mfasiri aliyeandika yale maandishi ni nani, alikata nini, aliongeza nini. Lakini mwongo ni DJ!

Ninachosema ni kwamba DJ ni mfasiri, na papo hapo ni mhakiki wa kazi za Asia mbele ya hadhira kubwa kuliko yoyote tutakayoipata hapa. Basi tumchukulie hivyo. Akipatia asifiwe, akiharibu akabwe koo, na yote yafanyike kwa hoja na kwa jina lake la kazi. Kumdharau hakuhitaji jasho. Kumhakiki kunahitaji.

Mimi ni mtu wa Oldonyo Sambu. Kwa asiyepajua, ukitoka Arusha mjini ukashika barabara ya Namanga, Mlima Meru unabaki mkono wako wa kulia, migomba na kahawa vinakuaga kidogo kidogo, kijani kinageuka vumbi, na ukiona ng'ombe wengi kuliko magari ujue umefika. Kwetu lugha ya nyumbani ni Kimaa cha Waarusha. Kiswahili ni cha shule, cha soko na cha kanisani. Kiingereza ni cha mtihani. Maandishi ya Kiingereza kwenye filamu yanapita mbele ya watu wetu kama basi la Nairobi: unaliona vizuri sana, ila halikubebi.

Kwenye banda umiza la mabati nililokulia, na mabenchi yake ya mbao yaliyopindwa na makalio ya kijiji kizima, muvi isiyo na DJ ilikuwa inaangaliwa kwa sababu ya ngumi tu. Ikiwa na DJ, watu walikaa mpaka mwisho, wakatoka wanabishana kama mhusika alikuwa na haki kulipa kisasi. Mabanda yamepungua, lakini mambo ni yale yale. Leo kijana anakwenda kwa mtu wa laibrari, anatoa flashi yake ajaziwe. Swali la kwanza: "Imetafsiriwa?" La pili: "Ya DJ nani?"

Tulieni kwenye hilo swali la pili. Kijana wa bodaboda pale stendi anachagua kazi kwa jina la mfasiri. Anajua huyu anaongeza utani mno, yule anakimbiza, mwingine anaheshimu hadithi. Ni msomaji gani wa riwaya hapa kwetu anayeingia duka la vitabu akauliza mfasiri ni nani? Han Kang alipopata Nobel mwezi Oktoba 2024, nilisoma nyuzi ndefu za Kiswahili zikichambua uzuri wa sentensi zake, neno kwa neno. Maneno yaliyokuwa yanachambuliwa ni ya Kiingereza, na sikuona hata mtu mmoja aliyetaja aliyeyaandika. Kwa kipimo hicho, samahani, mtu wa bodaboda amewazidi.

Kazi hii ina historia, na mnaojiita watu wa fasihi mnapaswa kuijua. Dar es Salaam ilikuwa naye Derek Mukandala, Kapteni Lufufu, aliyesimulia filamu za nje kwa Kiswahili kwenye mabanda na baadaye kwenye kanda, mpaka jina lake likawa ndilo linalouza. Kabla yake watu wa pwani walishaangalia filamu za Kihindi miaka mingi kwenye kumbi za Zanzibar na Dar bila tafsiri yoyote, wakazichukua tuni zake na kuzipeleka kwenye taarab. Kenya wana DJ Afro. Uganda kuna kina VJ Jingo wanaosimulia kwa Kiganda, na kule hakuna anayeona ajabu mfasiri wa filamu kuwa mtu maarufu. Mtafiti wa Kijerumani, Matthias Krings, alimpa Lufufu nafasi kubwa kwenye kitabu alichokitoa mwaka 2015 kuhusu namna Waafrika wanavyozichukua kazi za nje na kuzifanya zao. Mjerumani ameona kuna jambo la kuchunguza. Sisi wenye lugha tumebaki kucheka.

Sasa twende kwenye kazi yenyewe, maana bila mfano haya ni maneno ya kijiweni.

Mnaikumbuka Squid Game ya 2021. Kuna kijana Mpakistani, Ali, kibarua aliyedhulumiwa mshahara na bosi wake. Anakutana na Sang-woo, msomi wa chuo kikuu, na kila mara anamwita kwa neno la kumwita bosi. Sang-woo anamwambia aache hayo mambo, amwite hyung. Kwa Kikorea hilo ni neno ambalo mwanamume humwitia kaka yake mkubwa, au mwanamume aliyemzidi umri na anayemheshimu kama ndugu. Kiingereza hakina neno hilo. Sisi tunalo. DJ niliyemsikiliza alisema: "Achana na bosi, niite braza." Basi. Hakueleza, hakuna aliyehitaji kuelezwa. Kila kijana wa Arusha anajua ukimwita mtu braza umemkabidhi kitu, na yeye amepokea mzigo. Kisha inakuja ile sehemu ya gololi, Sang-woo anamgeuka, na Ali anabaki anaita: "Braza! Braza, uko wapi?" Niliangalia na watu kama kumi na tano, na pakawa kimya kama msibani. Mzee mmoja akasema taratibu, "Amemuua mdogo wake." Nimesoma makala nyingi za Kiingereza kuhusu tamthiliya ile, za ubepari na madeni. Sijakutana na sentensi iliyoingia kwenye kiini chake kama ile ya mzee.

Kwenye tamthiliya hiyo hiyo watazamaji wanaojua Kikorea walipiga kelele kwamba Kiingereza kimeharibu mambo. Neno oppa, ambalo msichana humwitia kaka mkubwa au mwanamume aliyemzidi umri anayemzoea au kumpenda, mara lilitoka kama la kumwita mzee, mara kama la kumwita mpenzi. Siwalaumu wafasiri wao. Kiingereza kina "wewe" mmoja kwa rais na kwa mtoto wa jirani. Lakini lugha yetu ina shikamoo, ina braza, dada, mdogo wangu, shemeji, wifi, mama mdogo. Kikorea, Kihindi na Kichina nazo zimejaa majina ya namna hiyo. Kwa mambo ya heshima na undugu, Asia iko karibu zaidi na Kiswahili kuliko na Kiingereza. Sasa kwa nini tunang'ang'ania kuifikia kwa kupitia London?

Nitoe mfano mwingine, wa nyumbani. Jumong, ile tamthiliya ya Kikorea ya vipindi zaidi ya themanini, iliingia kwetu ikiwa na DJ. Koko, ndivyo tunavyomwita bibi, hajui kusoma, na Kiswahili chake ni cha kukokota, lakini hakuruka kipindi. Siku moja akaniuliza:

"Huyu mfalme Geumwa, si ndiye aliyemlea Jumong?"

"Ndiye, koko."

"Basi kwa nini wanasema si mtoto wake? Mtoto akikulia kwenye boma lako, akachunga ng'ombe wako, ni wako. Hawa watu wana shida ya damu."

Nikamwambia kule damu ndiyo inayorithi kiti. Akafikiri. "Ndiyo maana wanauana," akasema, akarudi kwenye shanga zake.

Huo ni uhakiki. Mwanamke wa Kiarusha amechukua hadithi ya kuanzishwa kwa dola ya Goguryeo, ameipima kwa sheria ya boma, na amekuta ufa ambamo hadithi nzima inaingilia. DJ ndiye aliyemfikisha hapo. Nionyesheni toleo lenye maandishi ya Kiingereza lililofanya hivyo kwa bibi yeyote wa Oldonyo Sambu.

Najua mashtaka. Nitayachukua moja moja.

Shtaka la kwanza: DJ anabadilisha. Anaongeza chumvi, anataja Kariakoo kwenye filamu ya Seoul, anamfanya mfalme wa China aongee kama konda wa daladala. Kweli. Lakini hebu tuwaangalie wale mnaowaheshimu. Parasite ya Bong Joon-ho ilichukua Oscar ya filamu bora mwaka 2020. Maandishi yake ya Kiingereza aliyaandika Darcy Paquet. Kwenye filamu kuna tambi za mchanganyiko zinazoitwa jjapaguri; Paquet akabuni neno jipya kabisa, ram-don. Kuna mahali wahusika wanataja Chuo Kikuu cha Taifa cha Seoul. Paquet akaweka Oxford, ili mtazamaji wa nje aelewe ni chuo cha wakubwa. Alisifiwa kwa ubunifu, na mimi namsifu. Ila nisaidieni: Seoul ikigeuka Oxford ni ubunifu, Seoul ikigeuka Kariakoo ni uhuni. Tofauti ni nini, zaidi ya kwamba Oxford iko Uingereza na Kariakoo mnaijua?

Twende kwa huyo huyo Han Kang. Riwaya yake iliyomtangaza duniani, The Vegetarian, ilifasiriwa na Deborah Smith, Mwingereza aliyeanza kujifunza Kikorea ukubwani. Ilipata tuzo ya International Booker mwaka 2016. Korea wakaanza kulinganisha mstari kwa mstari. Wakakuta makosa, pamoja na mahali alipochanganya mkono na mguu, na wakakuta amepamba mtindo mtulivu wa mwandishi. Mwaka 2017 Charse Yun aliandika kwa kirefu juu ya mgogoro huo kwenye gazeti la Los Angeles Times. Wengine walimtetea Smith, wengine walimrarua. Hakuna aliyesema asihakikiwe kwa sababu ni mfasiri tu. Kumkagua namna ile kulikuwa ni kumheshimu. Hicho ndicho ninachokitaka kwa DJ, na hata nusu yake hajawahi kuipata.

Na kama ni kubadilisha, mbona hamjamtoa Shaaban Robert kwenye rafu? Omar Khayyam wake wa Kiswahili alimpata kupitia Kiingereza cha Edward FitzGerald, mtu aliyekata, akaunganisha na kuwabunia Waajemi alivyopenda, mwaka 1859. Tafsiri ya tafsiri, tena ya tafsiri isiyo mwaminifu. Tunaisoma kwa heshima, na inastahili. China yenyewe ilikuwa naye Lin Shu, ambaye hakujua lugha yoyote ya Ulaya. Rafiki zake walimsimulia kwa mdomo, yeye akaandika kwa Kichina cha kale. Alianza mwaka 1899 na riwaya ya Kifaransa, akaendelea mpaka akavuka kazi mia na hamsini, na kizazi kizima cha waandishi wa Kichina kilifungua macho kwa vitabu vyake. Mtu asiyejua lugha ya asili, anayesimulia upya kwa lugha ya watu wake. Huyo si ndiye DJ, jamani?

Kama mnataka cheti cha Kiasia kwa ajili ya kazi hii, kipo pia. Enzi za filamu zisizo na sauti, Wajapani walikuwa na benshi, msimulizi aliyesimama pembeni ya kioo akieleza hadithi na kuigiza sauti zote. Watu walikwenda kumsikiliza yeye kama walivyokwenda kuangalia filamu. Korea nao walikuwa nao, wakiwaita byeonsa. Kaka yake Akira Kurosawa, Heigo, alikuwa benshi wa filamu za nje, na Kurosawa mwenyewe alikiri kwamba huyo kaka ndiye aliyemfundisha kuipenda filamu. Leo vyuo vikuu vinaandika vitabu kuhusu benshi. Wa kwetu yuko hai, ana namba ya simu, na hakuna anayempigia.

Shtaka la pili: ni wizi. Hapa sitajitia kichwa ngumu. Filamu inachukuliwa bila ruhusa, inauzwa kwa flashi, na aliyeitunga haoni hata senti. Sheria yetu ya Hakimiliki ya 1999 haina mzaha na hilo, na mimi ninayeishi kwa kuandika siwezi kusema wizi ni sawa. Lakini angalieni mnaolisema hili mlivyoiangalia hiyo filamu yenu yenye maandishi ya Kiingereza. Mlilipa? Wachache sana. Basi suala la wizi lizungumzwe kama la wizi, kwa wote. Lisitumike kumkwepa DJ kama mfasiri. Mwenye kituo cha televisheni angeweza kununua haki ya filamu moja ya Kikorea, akamwajiri DJ mmoja mzuri, akamlipa, akaandika jina lake mwanzoni. Ingekuwa halali na watu wangeangalia.

Shtaka la tatu ndilo langu mwenyewe, na kwangu ndilo zito kuliko yote. Sijalisikia kwa wanaomcheka DJ, kwa sababu hawamsikilizi.

Dangal ni filamu ya Kihindi ya mwaka 2016, ya Aamir Khan, ya baba anayewafundisha binti zake mieleka. Kuna sehemu wale mabinti wamekwenda kwenye harusi ya rafiki yao. Wanalalamika baba anavyowatesa na mazoezi. Bibi harusi, mtoto mwenzao wa miaka kumi na minne, anawaambia yeye angetamani baba kama huyo. Kwao binti akizaliwa anafundishwa kupika na kufagia, na akifika miaka kumi na minne anakabidhiwa kwa mwanamume ambaye hajawahi kumwona. Baba yenu walau anawahesabu kuwa watoto wake, anasema. Filamu nzima inageuka hapo. Kuanzia hapo wale mabinti wanaamka wenyewe kwenda mazoezini.

Toleo la DJ niliyemsikia, wakati bibi harusi anasema maneno hayo, yeye alisema: "Mtoto kanuna huyu, sijui ng'ombe hawajatimia!" Watu wakaangua kicheko. Akaendelea na mzaha wa mahari mpaka sehemu ikapita. Maneno ya yule mtoto hayakusikika hata moja.

Nilikuwa Oldonyo Sambu. Mbele yangu, chini kwenye mkeka, walikaa mabinti wanne wa darasa la sita na la saba. Kwetu ng'ombe si utani. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 iliruhusu msichana kuolewa akiwa na miaka kumi na tano kwa ridhaa ya mzazi, na kumi na nne kwa kibali cha mahakama. Mahakama Kuu ilivikataa vifungu hivyo mwaka 2016, Mahakama ya Rufani ikakubaliana nayo mwaka 2019. Hukumu hizo hazikutangazwa kwa maikrofoni kwenye banda. Lakini hapo, usiku ule, kulikuwa na mtoto wa Kihindi aliyesafiri kutoka Haryana kuwaambia wale mabinti wanne jambo moja kwa lugha wanayoielewa, na mtu mmoja akamziba mdomo ili apate kicheko.

Hilo ndilo kosa la tafsiri. Si Kariakoo, si konda wa daladala. Na ukimsikiliza yule DJ kwenye muvi nyingine unakuta ni tabia: mwanamke akilia anatiwa mzaha, mwanamke akinyamaza anawekewa maneno ya kimapenzi, kila mwenye macho membamba ni Mchina hata kama filamu ni ya Kikorea. Panapokuwa na ukimya, pale mwongozaji alipotaka tukae na uso wa mtu, yeye anaona ni nafasi ya kutaja namba ya simu ya studio. Kuna wenzake wasiofanya hivyo. Yule wa Squid Game alinyamaza sekunde nyingi Ali alipokuwa anaita. Alijua. Hawa wawili ni mafundi wawili tofauti kabisa, lakini anayesema "muvi za DJ ni takataka" amewaweka kwenye gunia moja, na kwa kufanya hivyo amemlinda yule mbaya. Kama kila DJ ni takataka, kwa nini huyu ajirekebishe? Nani atamwambia?

Wakati sisi tunacheka, wengine wanaofahamu nguvu ya sauti wameshaingia kazini. Mwaka 2011 TBC ilirusha tamthiliya ya Kichina ya Doudou na mama wakwe zake, ikiwa imeingizwa sauti za Kiswahili. Rais Xi Jinping alipohutubia Dar es Salaam, Machi 2013, aliitaja kwa jina. Kiongozi wa nchi kubwa kama ile haitaji tamthiliya ya mama mkwe kwa bahati mbaya. Miaka michache baadaye StarTimes wakaandaa shindano la sauti za Kiswahili, na washindi wakaenda kufanya kazi Beijing. Sina ugomvi na vijana waliokwenda. Ni kazi halali, na wanaifanya kwa Kiswahili safi. Lakini anayelipa ndiye anayechagua. Atatuchagulia ile China ambayo mama mkwe na mkwe wanapatana kipindi cha mwisho. Wachina waliomkasirisha mtu hawatafika kwa njia hiyo. Itabidi tuwalete wenyewe.

Tunaweza? Wanaosema haiwezekani wanataja hakimiliki. Lu Xun alifariki mwaka 1936. Premchand, mwaka huo huo. Akutagawa, 1927. Tagore, 1941. Hata ukitumia kipimo kirefu cha miaka 70 baada ya kifo, hao wote hawahitaji kuombwa ruhusa, ilimradi mfasiri hajaiba tafsiri ya Kiingereza ya mtu mwingine. Wanaosema hatuna watu wa lugha hizo wasahau. Dodoma na Dar es Salaam Kichina kinafundishwa vyuo vikuu kwenye taasisi za Confucius tangu 2013. Watanzania wamesoma Beijing, Wuhan, Pune na Delhi kwa miongo. Wamerudi na udaktari, uhandisi na lugha. Tumewaomba waandike ripoti. Hatujawaomba hadithi fupi moja.

Na wasomaji wapo, kwa sababu tumeshawahi kufanya hivi tukafaulu. Abunuwasi ni nani? Mshairi wa Baghdad, mama yake Mwajemi, aliyeishi zaidi ya miaka elfu moja na mia moja iliyopita. Muulize mtoto yeyote wa shule ya msingi atakwambia ni Mswahili mjanja. Walifanyaje? Walimsimulia. Walibadilisha, walikosea, walirekebishana, mpaka akapata uraia.

Kwa hiyo naomba mambo matatu, kwenu mnaoandika hapa na kwingineko.

Moja: anayehakiki kitabu au filamu ya Asia amtaje mfasiri kwenye aya ya kwanza, na aseme amesoma kwa lugha gani. International Booker inamgawia mfasiri nusu ya fedha, sawa kwa sawa na mwandishi. Mwaka 2025 Deepa Bhasthi alipanda jukwaani na Banu Mushtaq kwa hadithi fupi zilizotoka Kikannada, na Kiingereza alichokitumia kimeachiwa maneno ya kwao bila kuomba radhi. Wewe unashindwa hata kumtaja?

Mbili: kila anayejiita mhakiki wa filamu achukue muvi moja iliyotafsiriwa na DJ, aiangalie mara mbili, mara moja na DJ na mara moja bila yeye, kisha atuandikie alichokiona. Jina la DJ liwe kwenye kichwa cha habari. Kama ni mbaya, sema wapi na kwa nini. Hawa watu wana simu, wanasoma maoni, wanashindana. Mtu anayeuza kwa jina lake anaogopa jina lake kuchafuka kuliko anavyoiogopa sheria.

Tatu: mwenye Kichina, Kihindi, Kikorea au Kijapani atuletee kurasa kumi. Kumi tu. Zikiwa na makosa tutabishana, na huo ubishi ndio tuliokosa miaka yote.

Mkishindwa hayo yote matatu, sawa, hakuna atakayewapeleka polisi. Ila basi msimcheke tena mwenye maikrofoni. Wale mabinti wanne watakuwa kidato cha kwanza sasa, kama mambo yamekwenda vizuri. Wanaendelea kuangalia muvi za Kihindi, na wanachokijua kuhusu India ni kile DJ alichowaambia. Mtu mmoja mwenye kalamu angeweza kumwambia yule DJ kwamba yale maneno ya bibi harusi yana kazi, ayaache yapite.